Fundi Hakuwa na Mpango wa Kuondoka

Meneja wa shamba la chai alikuja Mbeya mwenyewe kumtafuta mume wangu, kwa gari lake, matope yamemrukia mpaka kwenye kofia. Injini ya kiwanda chake kule Mufindi ilikuwa imezimika katikati ya msimu wa mvua. Jani linachumwa kila siku na kuozea sakafuni, na fundi aliyekuwa akiitunza injini hiyo alikuwa amekwenda zake kwao. Meneja akaulizia mjini ni nani anayejua dizeli, akaelekezwa kwenye gereji ya Mhindi mmoja karibu na soko, ambako mume wangu alikuwa amelala chini ya lori.

Mume wangu alijifunzia injini Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na dhahabu ilipoanza kwisha tukahamia Mbeya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza jambo ambalo hataki kulijibu, alikuwa na jibu moja tu: "Nitamwuliza mke wangu." Aliwajibu hivyo wazee wa kanisa waliotaka awe katibu, na ndugu waliotaka kumuuzia ng'ombe mgonjwa. Hakuwa na maana kwamba ataniuliza. Maana yake ilikuwa aachwe aendelee na kazi. Lakini meneja hakulijua hilo. Alipolisikia jibu, akauliza nyumba yetu iko wapi, akaja moja kwa moja.

Alinikuta nimekaa mlangoni namenya ndizi. Sisi Wanyakyusa tunakula vitu vingine pia, ila tunavila tukisubiri ndizi ziive. Akavua kofia, akanieleza habari za nyumba ya matofali yenye bati, kuni za bure, na mshahara unaopita ule wa Mhindi. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwuliza kama huko kuna ndizi. Akalitazama beseni langu, akasema ziko nyingi sana.

Hakukuwa na mgomba hata mmoja. Tulishuka kwenye lori, mtoto mgongoni kwangu, ndani ya ukungu mzito kiasi kwamba nilisikia watu wakitusalimia "kamwene" bila kuona ni akina nani. Nyumba ilikuwa ya matofali kweli, na ina bati kweli, lakini haikuwa na dari wala dirisha la maana, na jiko tulishirikiana na nyumba nyingine kwenye mstari ule. Godoro lilikuwa halijamaliza mwezi likaota ukungu wa kijani. Posho ilikuwa mahindi ya punje na maharage, na mahindi unayatwanga mwenyewe, mvua ikinyesha mgongoni.

Jirani yangu alikuwa mke wa nyapara, mama wa Kibena, mnene, mwenye uso wa huzuni aliozaliwa nao, ingawa sijapata kuona mtu aliyependa kucheka kama yeye. Huyo ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba mafundi pale hawakai. Wanaondoka wanawake kwanza. Mke anakwenda kwao kulima, akishafika kwenye jua harudi, na mume naye anavumilia kula maharage aliyoyaunguza mwenyewe mpaka anachoka, anamfuata. Kila fundi alipoondoka, meneja alidhani ni mshahara, akamwongezea anayekuja. Hakuna aliyepata kuwauliza wanawake.

"Sasa wewe unakwenda lini?" akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa.

Nikamwambia sina hakika. Na kweli sikuwa na hakika, maana mume wangu alikuwa ameipenda ile injini. Ilikuwa kubwa kama kibanda, na alikuwa akirudi nyumbani jioni ananisimulia jinsi ilivyoamka, kama mtu anayesimulia habari za mtoto. Mimi nilikuwa nalia kwa ajili ya ndizi, mwenzangu anacheka peke yake gizani kwa sababu ya valvu.

Mambo yalianza kwa bahati tu. Binamu yake mume wangu alikuwa akirudi likizo kutoka migodi ya shaba kule Rodesia ya Kaskazini, akapita kutusalimu. Alivaa suti, kofia pana na viatu vinavyolia, na alibeba gramafoni. Kambi nzima ilitoka kumtazama. Karani wa kiwanda akanikuta bombani, akaniuliza yule bwana ni nani. Nikamjibu kwamba ni ndugu yetu, amekuja kumwona mume wangu. Halafu nikaongeza kwamba kule migodini wanatafuta sana mafundi wa injini.

Yote mawili yalikuwa kweli. Mimi niliyaweka jirani tu.

Kesho yake asubuhi alikuja fundi seremala na mbao. Akatupigia dari, akatoboa dirisha na kulitia kioo, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa na jiko letu peke yetu lenye bomba la moshi. Mume wangu alishangaa, akasema meneja huyu ni mtu mwema. Mke wa nyapara alikuja kuliona jiko, akazunguka, akagonga bomba la moshi kwa kidole, kisha akaketi na kuniuliza nilichomwambia karani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema kwamba yeye shida yake kubwa ni kutwanga.

Shauri lilikuwa hivi. Kiwandani injini ilizungusha mashine zote kwa mikanda, na Jumamosi mchana jani likiwa limekwisha, ilizunguka bure au ilizimwa. Ikiwekwa mashine ya kusaga mahindi pembeni, ikafungwa mkanda, kambi nzima ingepata unga. Wanaume walikwisha kuliomba hilo, wakaambiwa litafikiriwa.

Mimi sikuomba. Mahali pale kila kitu kilikuwa kinavunda, kwa hiyo siku ya jua nilikuwa na sababu njema kabisa ya kutoa sanduku letu la bati nje, nikalifungua, nikakunja mablanketi na kuyafunga kwa kamba, nikayaegemeza hapo. Mahali penye jua zuri palikuwa kando ya barabara anayopita meneja. Mke wa nyapara akaja kusimama karibu yangu na ule uso wake, mikono kifuani. Hakuhitaji kuigiza lolote.

Gari likapita, likasimama, likarudi kinyumenyume.

"Mama, wewe nakwenda wapi?" meneja akauliza kwa Kiswahili chake.

"Siendi popote, Bwana. Naanika tu."

Akalitazama sanduku. Akamtazama mke wa nyapara, ambaye alishusha pumzi ndefu. Sijui kwa nini ukweli ukisemwa taratibu watu hawauamini. Meneja alikwenda kiwandani moja kwa moja, akamkuta mume wangu na mikono ndani ya mafuta, akamwuliza kama ana mpango wa kuacha kazi. Mume wangu, ambaye hakuwa na habari yoyote na alikuwa ameshika kitu kisichotakiwa kuachiwa, akamjibu kwamba atamwuliza mke wake.

Alasiri ile meneja alirudi, akashuka kwenye gari, akaketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Alionekana amechoka. Akaniambia niseme wazi ninataka nini. Nikamwambia kwamba wanawake wa kambi wangefurahi kusagiwa mahindi. Akasema sawa, na nini kingine. Nikamkumbusha siku ile ya Mbeya na lile beseni.

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema alidhani nauliza ndizi za matunda, na yeye kila mara huziona mezani kwake. Sikumwamini, lakini nilimwacha na heshima yake.

Mashine ya kusaga ilikuja. Lori la chai lilipokwenda Mbeya likapewa amri ya kurudi na mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, na siku moja likaja hata na machipukizi ya migomba, kwa kuwa meneja alitaka kumaliza tatizo hilo kabisa. Tukayapanda nyuma ya nyumba. Yakaota majani mazuri mpaka baridi ya Juni ilipofika, yakanyauka usiku mmoja kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Meneja mwenyewe alikuja kuyatazama, akatikisa kichwa. Lori likaendelea kuleta mikungu.

Shida ya maneno yanayotembea ni kwamba hujui yatalala wapi. Yetu yalivuka kilima yakafika shamba la jirani, kwamba kuna fundi hodari ambaye hana raha na anaondoka. Meneja wa huko akaja Jumapili, tukitoka kanisani, akamvuta mume wangu kando chini ya mikaratusi, akazungumza naye muda mrefu. Nikaona mume wangu anakunja uso. Tulipofika nyumbani alivua koti, akaketi, akaniambia nifunge mlango.

"Mtu yule anasema nataka kuondoka," akasema. "Anasema kila mtu anajua. Mbona mimi sijui?"

Nikamweleza yote, kuanzia suti ya binamu. Sikuacha kitu. Alisikiliza akitazama dari, nadhani kwa mara ya kwanza akiiona jinsi ilivyofika pale.

"Mimi sijawahi kutaka kuondoka," akasema.

"Najua. Ndiyo maana niliweza kuanika bila wasiwasi."

Nikaanza kuogopa. Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga wala kufoka, lakini alikuwa na kimya ambacho kingeweza kukaa nyumbani wiki nzima kama mgeni. Niliinuka kutazama chungu. Nilipoketi tena, alikuwa anakuna kidevu.

"Pampu ya mafuta ya ile injini imechakaa," akasema polepole. "Nimeomba mpya tangu mwaka juzi. Wanasema itatoka Ulaya, wanasema ngoja. Hivi jua la kesho litakuwepo?"

Jua lilikuwepo. Nilianika hata vyungu. Na yeye mwenyewe, mtu wa kanisa, aliporudi kula mchana alisimama kando ya sanduku akiwa amevaa ile kofia ya binamu, aliyoachiwa kama zawadi, na ambayo alikuwa hajawahi kuivaa. Pampu ilifika ikiwa imefungwa kwenye sanduku la mbao, na alilifungua jikoni kwangu, juu ya meza ya chakula, nikamruhusu.

Baada ya hapo wenzetu walijifunza. Mke wa dereva alipata choo kipya kwa sababu tu mume wake aliuliza barabara ya Iringa ikoje siku hizi. Wake wa makarani wakajaribu, wakafanikiwa kidogo, maana makarani walikuwa wengi. Sisi tulikuwa waangalifu, hatukuomba mambo ya kijinga, na meneja naye, namsifu kwa hilo, alikwisha kuelewa mchezo na akawa anaucheza kwa upole. Siku moja alipita, akakuta nimeanika blanketi moja tu, akaniuliza kama hilo ni kwa ajili ya jambo dogo. Nikamwambia hilo limekojolewa na mtoto. Akacheka, akaenda zake.

Aliyekuja kuniuliza kwa dhati alikuwa Memsahibu, mke wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi cha ukungu kisichokwisha. Tulikuwa tukimwona kwa mbali akihangaika na kuku wake, ambao aliwafuga kwenye banda zuri kuliko nyumba za kambi. Siku hiyo aliingia jikoni kwangu, akakaa karibu na moto, akapasha mikono. Akaniambia kwamba amemsikia mume wake akilalamika mezani habari zangu, na kwamba hajapata kucheka vile tangu aje Mufindi. Kisha akasema yeye anaomba miaka yote waende mahali penye jua, na mume wake hujibu kwamba litafikiriwa.

Nilimhurumia. Nikamwambia ukweli wangu, kwamba asiombe tena. Aanze kugawa vitu, kama mtu anayehama.

"Vitu gani?"

"Anavyopenda Bwana."

Akatabasamu. Alianza na kuku. Kila baada ya siku chache mpishi wake alishuka kambini na kuku kwapani, akitafuta nyumba ya kumpa. Mimi nilipata jogoo, mke wa nyapara akapata matetea mawili, na wagonjwa wa zahanati wakanywa supu. Tunaambiwa kwamba meneja hakuona kitu mpaka asubuhi aliyoketi mezani, akaona mkate na chai, akauliza yai liko wapi.

Alikuja nyumbani kwangu bila gari, kwa miguu.

"Mama," akasema, "umesema nini kwa memsahibu yangu?"

"Nimemwambia asiombe, Bwana."

Alisimama pale akitazama jogoo wake wa zamani akichakura kwenye uwanja wangu. Hakukasirika. Nadhani alikuwa akihesabu moyoni mafundi wote walioondoka, na kuona kwamba sasa yeye ndiye anayesubiri kujua mke wake ataamua nini. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza walihamia upande wa Iringa, kwenye mashamba ya tumbaku, ambako jua linawaka. Alipokuja kuaga alimpa mume wangu mkono kwa muda mrefu, na mimi akanivulia kofia, kama siku ile ya kwanza.

Wenye shamba walihangaika kupata mwingine. Alikuja mmoja akakaa msimu mmoja, baridi ikamfukuza. Alikuja mwingine, mkewe akaugua kifua. Mume wangu alibaki, na ile injini ikabaki, na mara nyingine ni yeye aliyekuwa akiendesha kiwanda chote huku akisema hataki kuulizwa maswali. Mimi nilikwisha kuzoea ukungu, na lori halikuacha kuleta ndizi, kwa kuwa hakuna aliyejua nani alitoa ile amri wala nani wa kuifuta.

Meneja wa tatu tangu yule aondoke alikuwa kijana kapera. Mke wa nyapara na mimi tulisimama kando ya barabara siku aliyofika, tukaona anateremsha sanduku moja, bunduki na mbwa. Hakuna mwanamke aliyeshuka nyuma yake. Mwenzangu akakunja mikono kifuani.

"Huyu hana mke," akasema. "Tutaanzia wapi?"

Nikamwambia tutulie kwanza, tuone ni nani atakayempikia.