Mai ya Moto kwa Basamaki ya Bwana Edmond

Batu banasema bwana yangu Kasonia alikuwa mutu muzuri. Baje baniulize mimi Godelive, mwenye nilichota mai na kuchanja kuni. Mutu muzuri anachokesha sana.

Kasonia alikuwa mupishi wa Bwana Edmond, Mubelgiji mwenye kununua kahawa hapa Butembo. Tuliishi nyuma ya nyumba yake kubwa, mu vyumba mbili ya udongo yenye Kasonia alijenga na mikono yake, lakini parcelle, ile kiwanja, ilikuwa ya patron wetu, Bwana Edmond. Mu salon ya patron kulikuwa sanduku ya vioo, na ndani basamaki ya mukia mwekundu, badogo kama ganda ya maharagi, benye balitoka Ulaya. Bale basamaki baliogopa baridi kuliko bazungu benyewe. Na Butembo, kila mutu anajua, asubuhi unatoa moshi mu kinywa. Groupe ya mazout, ile mashini ya umeme, ndiyo ilipasha ile mai. Ku kioo kulitundikwa termometre, na alama yake nyekundu ilipaswa kubakia ku makumi mbili na tano.

Mu mwaka 1960, kisha Indépendance, bazungu balianza kufunga masanduku. Bwana Edmond alituita sisi wawili. Alisema anaenda miezi tatu tu, akaweka funguo mu mukono ya Kasonia.

"Uchunge basamaki yangu, mai isipoe," alisema. "Nikirudi nikute banaishi, parcelle ya nyuma nitakuandikia."

Hapo ndipo tulipotea. Kwetu Banande, mutu akikuchungisha mbuzi, hauombi karatasi. Unachunga, inazaa, siku moja mwenyewe anakuja, anahesabu na macho, anakukatia yako. Kasonia alipokea bale basamaki sawa mbuzi. Na kweli balizaa! Bale hapana kutaga mayai, banazaa batoto bazima sawa mbuzi. Kasonia akafurahi, akaniita nikaangalie.

Mazout iliisha mu mwezi wa nane. Basi akaanza na chupa. Tunachemusha mai, tunajaza chupa, tunafunga na kitambaa, tunazamisha pembeni. Zikipoa tunatoa, tunarudishia zingine. Muchana mara sita, usiku mara tatu. Na hapana kuweka zote mara moja. Siku moja alienda mbio, alama ikaruka mpaka makumi tatu, basamaki bakapanda juu kutafuta hewa, na Kasonia akalia. Akalia, mimi nilimuona! Siku tulizika mama yake hakutoa hata chozi.

Bulangeti ya sufu tulikuwa nayo moja. Ilienda kufunika sanduku. Batoto yangu batatu balilala chini ya magunia ya kahawa. Nilimwambia, nikapiga kelele hata, akanijibu batoto iko na damu ya moto, basamaki hapana. Hasira ya ile siku ningali nayo.

Jirani yetu Melchior, mwenye alikuwa mutu ya bustani kwa muzungu mwingine, alienda ku bureau ya serikali akaandikisha parcelle yenye alikuwa anakalia. Akarudi na karatasi yenye kachet, ile muhuri. Wakati ule balikuwa banapatia kila mutu mwenye kuomba. Nilimusihi Kasonia naye aende, nikamusihi karibu kupiga magoti. Alikataa. Alisema patron alishatoa neno, na kupita nyuma yake ni kuuzisha mbuzi ya mutu. Dada yangu Virginie akatuma habari kutoka Beni: mulete basamaki huku, joto ya huku ni ya bure. Ile pia alikataa, sababu mbuzi ya kuchungishwa hapana kuhamisha bila mwenyewe.

Mu 1964 Basimba, bale baasi benye kupigana na serikali, balifika. Bao pia balikuwa na mai yao ya dawa, balisema inazuia risasi. Mukubwa wao aliingia mu salon, akaona mai chini ya bulangeti, chupa za moto ndani, na Kasonia amesimama pembeni na termometre, kijiti ya kioo, mu mukono. Akarudi nyuma. Alifikiri ni dawa ya muzungu, yenye kushinda yake. Kwa jirani balibeba kila kitu, kwetu hapana kugusa hata kijiko. Kasonia akaniambia ni basamaki balituokoa. Na ilikuwa kweli.

Bwana Edmond alirudi mu 1966, amenona, pamoja na mutu mwenye kununua nyumba. Kasonia alivaa koti yake nyeupe ya kazi, nilikuwa nimeipiga pasi. Akamupeleka mbele ya sanduku. Alama ilikuwa ku makumi mbili na tano. Aliacha basamaki kumi na moja, alikuta zaidi ya makumi ine. Akacheka, akaita yule munuzi aone. Kisha akatuambia anauzisha yote, nyumba na parcelle ya nyuma. Kasonia akamukumbusha lile neno, pole pole. Patron akakuna kichwa, akasema dunia imegeuka, sheria imegeuka. Kisha uso wake ukafunguka.

"Kwenu, mwenye kuchunga mbuzi ya mwenzake anapewa mutoto yake, si ndiyo? Basi mimi sikupi mutoto tu. Chukua bote, na sanduku yao."

Akamupa mukono. Na Kasonia akasema merci.

Tulipanga chumba kimoja kule Vulamba. Banaume bane balibeba sanduku juu ya miti, namna banabeba mugonjwa. Ile jioni mimi, mwenye nililaani bale basamaki miaka sita, nilijikuta nimeweka sufuria ku moto na chupa ziko tayari. Mikono ilikuwa imezoea. Alama ilikuwa imeshuka ku makumi mbili na moja. Kasonia alikuwa anakaa chini, mugongo ku ukuta.

"Wacha, mama Masika," aliniambia. "Ile moto upikie batoto."

Nilipika bugali na sombe, majani ya muhogo. Alikula bila kugeuka upande wa sanduku. Kisha akasimama, akatoa bulangeti juu ya vioo, akaenda kumufunika Masika, mutoto wetu wa kwanza. Akaivuta upande wa miguu, akaivuta tena. Masika alikuwa amekomaa, na bulangeti ilifika ku magoti tu.