Vichwa Vinane Chini ya Chuma

Shule niliiacha darasa la nne, na sioni haya kusema. Lakini gari likipondeka Arua hii, wenye vyeti vyao wanalileta kwangu nilinyooshe. Ndiyo maana yule mzee wa Koboko, askari mstaafu, alikuja moja kwa moja gereji kwangu.

Alitoa mfukoni askari wanane wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole.

"Sura zote ya Wazungu," alisema. "Sisi tulikuwa watu nane. Saba hawakurudi. Jumapili iko sala nyumbani, nataka wakae kwa meza, wajukuu waone. Toa hii vichwa, weka ya watu yangu. Mimi nilikuwa navaa kofia nyuma kidogo, sababu ya hii kovu." Akagusa paji la uso.

"Afande, hesabu kazi imekwisha," nikamjibu. Mdomo wangu hutangulia mikono, ndivyo nilivyo.

Nikawakata shingo wote. Vichwa vipya nikavichonga kwa fila, ile tunayozibia mabodi ya magari. Pua, masikio, hata nywele nilizikwaruza kwa sindano, moja moja. Kofia za chuma nilizitoa kwenye bati la kopo la soda, nikiligandamiza juu ya gololi mpaka liwe bakuli. Nani mwingine West Nile nzima angefikiria gololi?

Ijumaa mzee akaja kutazama. Akainama, akacheka.

"We fundi, watu yangu nabeba sufuria kwenda soko?"

Kweli, kofia zilikuwa zimepanda juu ya zile nywele nilizochonga, hazigusi hata masikio. Nikatengeneza kubwa zaidi palepale. Zikashuka mpaka kidevuni.

"Sasa iko ndoo." Safari hii hakucheka. "Kama imekushinda, sema. Nitaweka mishumaa tu."

Mishumaa! Mimi nishindwe, watu saba wakumbukwe kwa mishumaa ya dukani?

Jumamosi asubuhi ikaja pikapu kutoka Ajia, imegongwa mbele, boneti haifungi. Mwenyewe anauliza kama atafute boneti kubwa zaidi. Nikamwambia, "Boneti haina kosa, bwana. Kuna kitu chini kimepanda. Tukishushe hicho."

Nyundo ikabaki hewani. Nilimwacha mtu wa watu amesimama, nikakimbilia meza yangu. Nikashika wembe, nikakata kila kichwa juu ya masikio, nywele zote zikaanguka sakafuni. Chini ya chuma nani anaziona? Nikaweka fila mbichi kidogo, nikashusha kofia zile za kwanza. Zikakaa hadi kwenye nyusi kana kwamba walizaliwa nazo! Moja, kabla fila haijakauka, niliisukuma nyuma kidogo kwa kidole. Sikumwambia mtu.

Jumapili, Koboko, nilisimama mlangoni kwa mzee. Alipitisha kidole polepole mbele ya askari wale, wamepangwa mstari mezani. Kwa wa sita kikasimama.

"Huyu ni mimi," akasema. Kisha akawainua wale saba, mmoja mmoja, akiwatajia wajukuu majina yao.

Alipomaliza akageuka. "Fundi, nafanya nini huko kwa mlango? Kuja, kaa hapa mbele."

Nilikwenda nikakaa mbele, katikati kabisa. Nilistahili.