Utepe wa Mama Mbio

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mbio, ingawa mwenyewe hata basi hakuwahi kulikimbilia. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Mbio za mtaa alizianzisha yeye, akazipigania kwa ulimi wake mkali mpaka madereva wakakubali barabara ifungwe asubuhi moja kila mwaka. Utepe wa kumalizia aliushona kwa vipande vilivyobaki vya nguo za wateja, ukavutwa mara mbili: kwa mshindi, kisha kwa wa mwisho. Kabla wa mwisho hajafika, haendi mtu nyumbani.

Mwaka huu hayupo. Mwenyekiti wa mtaa alimwambia binti wa Mama Mbio bila kupepesa macho, "Dada, tukimbie hizi za kumuaga marehemu, halafu basi. Nani ataweza kuzibeba?"

Binti alitaka kusema "mimi", akaghairi. Akaenda kukaa kwenye cherehani ya mama yake, akashona utepe kwa uchungu wote aliokuwa nao, mshono juu ya mshono, usije ukamwaibisha mama.

Siku ya mbio, mshindi, kijana muuza viatu, alikuja kifua mbele. Utepe haukuachia. Ulimnasa, ukamwangusha chali, na mwenyekiti aliyeshika ncha moja akaburutwa mpaka mtaroni.

"Huo utepe au mkanda wa lori?" mtu akauliza. Watu wakavunjika mbavu.

Binti hakucheka. Alikumbuka vidole vya mama yake: katikati ya utepe hakuwahi kupitisha cherehani. Alipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikizia nguo kabla ya kuijaribisha, ambayo ukiivuta kidogo inaachia. Miaka yote binti alimtungia uzi kwenye sindano, na jambo hilo hakuliwaza hata siku moja.

Akaketi ukingoni mwa barabara, akaukata utepe katikati, akaanza kupiga bandi.

"Jamani, tutawanyike, jua kali," mwenyekiti akasema, akijipangusa tope.

"Haendi mtu nyumbani," binti akajibu, akashtuka kusikia maneno ya mama yake yakimtoka. "Breki hajafika."

Breki ni muoka mikate, mnene, wa mwisho miaka yote. Alitokea kwenye kona akihema, mikono kiunoni. Utepe ukaachia kifuani pake taratibu, kama zamani.

"Nimefika, Mama Mbio," alisema, kama alivyozoea kusema kila mwaka. Kisha akajiziba mdomo.

Hakuna aliyemsahihisha, hata mwenyekiti. Binti alilia waziwazi, akaokota vile vipande viwili, akavikunja vizuri kwa ajili ya mwakani.