Mbeking

Katika soko la Masii, mzazi mwenye mtoto aliyemaliza Fomu Foo, yaani kidato cha nne, na kukaa tu nyumbani alijua pa kwenda: kwa Kilonzo, muuza mitumba. Kilonzo alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akikutana na mwalimu, anauliza kozi. Akikutana na nesi, anauliza kozi. Hata mazishini ungemsikia akimdadisi mgeni wa Nairobi ni chuo gani kinachochukua alama ya D. Vijana wengi walipata ufundi kwa mdomo wake huo, naye alijisifu bila haya.

Aibu yake ilikuwa nyumbani. Binti yake, Syombua, alikuwa mwaka wa pili sasa anakaa bure, maana alitaka kazi ya benki na si kitu kingine. Mkewe, Ndunge, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Wa watu unawatafutia. Huyu wako utamtafutia ukiwa kaburini?"

Tena shangazi mmoja alikuwa ameanza kuleta habari za mchumba kutoka kule Ndithini, bwana mwenye ng'ombe wengi na meno machache.

Basi Kilonzo akapanda hadi Machakos mjini, akafika kwenye chuo kidogo cha ufundi. Langoni alimkuta bawabu Mkamba mwenzake. Na sisi Wakamba, herufi b haitoki mdomoni peke yake. Lazima isindikizwe na m.

"Hapa kuna kozi ya mbeking?"

"Mbeking iko. Inaanza Jumatatu."

"Wanafundishwa na mdomo tu ama wanashika?"

"Wanashika siku ya kwanza! Wanapima, wanahesabu, wanapanga."

"Na nguo?"

"Nyeupe. Na iwe safi."

"Akimaliza, kazi iko?"

"Mzee, ni nani anaweza kukaa bila hiyo kitu?"

Kilonzo alikubali kwamba hakuna. Dirishani karani aliuliza, "Mbeking?" naye akajibu, "Mbeking," wakaelewana kabisa. Kufikia Jumapili, Masii nzima ilijua. Kalekye, muuza nyanya, alikuwa ameshaomba mkopo wa benki, na shangazi amenyamaza.

Jumatatu Syombua aliingia chuoni na suti ya bluu iliyochaguliwa kwenye robota la baba yake, blauzi nyeupe na viatu vya kisigino. Yeye na baba yake walipofungua mlango wa darasa, joto liliwapiga usoni. Mwalimu Hafso alikuwa ndani ya unga hadi viwiko.

"Karibuni. Vua hivyo viatu, mama, sakafu inateleza."

Kilonzo aliutazama unga, akaitazama suti.

"Mwalimu, hii ni mbeking ya... mkate?"

"Kwani kuna nyingine?"

Masikio yalimwaka moto. Hakuwahi kuaibika hivyo maishani mwake. "Twende nyumbani, mama," alimnong'oneza binti yake.

Syombua alikuwa analia, tena kwa hasira. "Nau, baba yangu, tukirudi, kesho mimi nafanya nini?"

Baba mtu, aliyekuwa na majibu ya soko zima, alishika kitasa cha mlango tu. Syombua alivua koti la suti, akamtundikia begani.

"Miaka miwili nangoja mbengi iniite, na haijui hata jina langu. Hawa wameniandika."

Akajifuta machozi, akafunga aproni. Kilonzo akatoka nje na lile koti, huku moyo unamuuma na kufurahi kwa pamoja.

Kesho yake, hajamaliza hata kutandaza nguo, Kalekye alimfikia. "Msichana ameingia benki? Mkopo wangu je?"

Uongo mzuri ulimjia mdomoni. Kisha akamkumbuka mtoto wake amesimama peku kwenye ule unga.

"Nilisikia vibaya!" alisema, kwa sauti ile ile ya kuitia wateja, soko zima lisikie. "Ni mikate. Nimepeleka mtoto wangu kuoka mikate, na amekubali!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Kalekye alicheka kuliko wote. Halafu akapangusa macho kwa leso, akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Na wangu wa pili pia amekaa tu nyumbani," alisema. "Hiyo mbeking bado wanaandika?"