Mwenyekiti alitoka nje kura ipigwe, lakini nyumba ilikuwa yake

Wakuu wa humu, salamu kutoka Mghange. Nakaribia tisini, mjukuu ndiye anachapa, mimi nasema. Nikiongeza chumvi Mungu ananiona.

Juzi nimesikia kijana kwa redio akisema mdhamini wa mfuko wa jamii akitoka nje wakati wa kura inayohusu faida yake, basi mambo ni safi.

Safi gani? Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa mkoloni. Tulikuwa tunajenga zahanati yetu wenyewe huku milimani. Watu walichanga kuku, mahindi, chochote walichokuwa nacho. Wanawake walibeba mchanga kwa kichwa kutoka mtoni.

Mke wangu Wakio alibeba akiwa na mimba yetu ya kwanza. Kila akitua debe anasema, "Huyu atazaliwa ndani ya hii nyumba."

Mfuko ulikuwa na wadhamini watano wa kuusimamia. Mimi nilikuwa karani wao, sina kura, kazi yangu kusoma na kuandika.

Sasa mabati yako stesheni ya Voi, yanataka lori. Na mwenyekiti ana lori. Mnaona inakoelekea?

Sheria ilikuwepo, tena nzuri. Niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti: mdhamini anaweza kulipwa kwa kazi au mali yake, lakini kuwe na mapatano ya maandishi, bei iwe ya haki, na yeye asiwepo wenzake wakiamua.

Mwenyekiti akasema, "Sawa kabisa, karani. Mimi natoka."

Akatoka kweli. Lakini wakuu, mkutano ulikuwa sebuleni kwake!

Na kwetu ukiingia kwa mtu huondoki bila kula, ni kumtukana. Mkewe akaingia na sinia ya nyama ya mbuzi. Mwenyewe yuko hapo barazani, tunamsikia akikohoa.

Kulikuwa na mtu mwingine wa Voi mwenye lori, aliyetaka nusu tu ya bei ya mwenyekiti. Barua yake nilikuwa nayo mfukoni.

Mfukoni! Ningeitoaje na nyama ya mwenye nyumba iko mdomoni?

Wadhamini wanne wakainua mikono, mmoja bado ameshika mfupa. Nami nikaandika, "Hakuna aliyepinga."

Pesa ya mbao za paa ikaishia kwa lori. Mabati yalifika, yakarundikwa kwa mwenyekiti, eti ndiko salama. Mvua ikaja, kuta za udongo zisizo na paa zikalowa, zikaanguka.

Wakio alishikwa na uchungu mvua hiyo hiyo ikinyesha. Tulimbeba kwa machela kuelekea Wundanyi, njia yote utelezi. Mtoto wetu wa kiume alizaliwa njiani. Hakulia.

Mwenyekiti alikuja kutupa pole. Alileta mbuzi. Haki ya Mungu, alileta mbuzi!

Wakio hakunilaumu. Ila wiki moja baadaye aliniwekea ugali, akakaa, akauliza polepole, "Ile nyama ilikuwa tamu?"

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, hadi nikamzika. Swali hilo bado ninalo.

Wanasheria wa humu najua mtaniambia sheria ilifuatwa. Ilifuatwa, ndiyo, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo! Mtu mwenye faida yake katika jambo akitoka, atoke na chai yake na sinia yake. Kutaneni shuleni, kanisani, popote pasipo pake. Mkae na njaa.

Haya, semeni na nyinyi, hata wa kunitukana aje. Kamati yenu hukutana kwa nani, na chai ni ya nani?

Na wewe karani unayesoma hapa kimya kimya, hiyo barua iliyo mfukoni mwako, itoe.