Namna Adrienne alivyolisema Plamedi

Mwaka 1994 binti yetu Joëlle alizaa musichana, akamuita Plamedi, kifupi cha maneno ya Kifaransa, ni kusema mupango muzuri wa Mungu. Jina hilo lilikuwa geni hapa mutaani kwetu, Kikula. Muke wangu Adrienne alilisema "Palamedi". Alikuwa akiuza vitumbua sokoni, mutoto mugongoni, na wateja wakalipenda jina. Kazi zilikuwa zimekufa, lakini watoto walizaliwa tu. Kwenye avenyu yetu watoto wenye kuitwa Palamedi wakafika wane, wavulana na wasichana.

"Mama, ni Plamedi!" Joëlle alilalamika.

"Weye ulizaa, minye niko nabeba. Acha nimuite."

Mwaka uliofuata malaria ilimuchukua Adrienne. Siku ya ubatizo, padri akauliza jina la mutoto. Niliogopa. Joëlle akilisema kwa Kifaransa chake, nilijua hata sisi nyumbani tutaacha kulisema kama Adrienne.

Joëlle akaniwekea mutoto mikononi.

"Sema weye, Tata."

Nikasema, "Palamedi."

Mutoto akageuza kichwa, akatazama nyuma ya bega langu, akimutafuta nyanya yake.