Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Jumamosi iliyopita, pale sokoni Woolwich, hapa London, mtu mmoja aliyekuwa akielekeza lori lirudi nyuma alipuliza filimbi ndefu, na mimi nikaganda. Miguu pamoja, mikono ubavuni, mfuko wa ndizi mbichi unaning'inia. Watu wakanipita huku na huku, wengine wakinigonga mabega. Binti yangu akarudi kunivuta. "Mum, unablock watu! Umeona nini?" Sikuona kitu. Nilisikia tu. Nilimwambia nitamweleza nyumbani, tukafika nyumbani nikakosa pa kuanzia. Ndiyo maana naandika. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nivumilie nikizunguka.

Mimi ni mtoto wa kota. Baba alikuwa konstebo wa polisi katika mji mdogo wa wilaya, Tanzania, na tulikaa nyuma ya kituo, kwenye zile nyumba za bati tupu, ukuta bati, paa bati, tulizoziita full suti. Mchana ndani hapakaliki. Mvua ikinyesha mnaongea kwa ishara. Lakini usidhani nalalamika. Asubuhi kota nzima ilinukia kiwi ya viatu na maharage yaliyoshika kidogo chini ya sufuria. Mama alikoroga uji mwepesi wa muhogo, si wa kunywa, wa kutia kwenye sare ya baba, kisha akapiga pasi ya mkaa mpaka suruali ikaweza kusimama yenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa vifungo. Nilivisugua mpaka nione pua yangu. Jirani yetu, mke wa koplo, alikuwa hana dogo: "Wewe mtoto, utakuja kuolewa na kifungo."

Babu, mzaa baba, naye alikuwa askari, enzi za Mwingereza. Yeye ndiye aliyetusimulia kwamba utaratibu wa bendera waliufundishwa na hao hao: filimbi ikilia, kila kiumbe asimame alipo mpaka ilie ya pili. Serikali ikabadilika, bendera ikabadilika, filimbi ikabaki. Saa kumi na mbili jioni, bendera inaposhushwa, mama anasimama na mwiko mkononi, lori linazima barabarani, sisi watoto tunasimama na mchezo wetu. Siku moja muuza karanga aliendelea kutembea, askari wakamrusha kichura mbele ya kituo mpaka karanga zote zikamwagika. Nilicheka sana siku ile. Leo sicheki. Na miaka yote niliyokaa hapa London, nchi ya hao waliomfundisha babu, sijaona hata mtu mmoja akisimamishwa barabarani kwa ajili ya bendera. Hasira ninayoipata nikifikiria hilo siwezi kuimaliza kwenye ukurasa.

Sasa nikwambie siku yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi hivi, nimetoka bombani na ndoo kichwani. Baba alikuwa zamu ya mahabusu. Alikuwa amemtoa mmoja akamwage ndoo ya choo, kijana aliyeshukiwa kuiba baiskeli. Nasema alishukiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthibitisha. Filimbi ikalia. Baba akakakamaa. Mkuu wa kituo, pale kwenye ngazi, akapiga saluti. Wanawake wa bombani kimya. Hata yule mahabusu alisimama, nakuapia, wima na ndoo yake.

Kamba ya bendera ikakwama.

Mahabusu akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaiweka ndoo chini taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Kisha akaondoka. Hakukimbia hata kidogo. Alitembea tu akaingia kwenye mahindi.

"Jamani, anaondoka," mke wa koplo akanong'ona.

"Nyamaza wewe, bendera!" mwingine akamjibu, midomo haijafunguka.

Nilimwona baba akimwona. Shingo yake ilikuwa imetoka mishipa. Maji yalinichuruzika usoni na mimi sikujifuta. Filimbi ya pili ilipolia, kituo kizima kilitimka. Walirudi na majani ya mahindi kwenye mikanda, basi.

Baba alishtakiwa kijeshi, mbele ya wakubwa waliotoka mkoani. Aliyotuambia ni haya, na alituambia mara nyingi bila kubadilisha neno. Alisema, "Afande, kama ningekimbia, mngenishtaki kwa kutosimama." Akamgeukia mkuu wa kituo: "Na wewe afande ulikuwa unatazama upande ule ule." Mkuu wa kituo akajibu, "Mimi nilikuwa naitazama bendera."

Barua ikaja: amefukuzwa kazi kwa uzembe. Kota tuiache ndani ya siku saba.

Najitahidi kuwa wa haki. Mkuu wa kituo alitupa gari la kituo kuhamishia vyombo, na hakulazimika. Naye alikuwa na wakubwa wake waliotaka jina la mtu, akawapa la baba badala ya lake. Labda nami ningefanya hivyo. Na baba? Labda angeweza kukimbia. Mimi pia, mtoto asiye na kiapo wala namba, ningeweza kupiga kelele, nikasimama na ndoo yangu. Nimejiuliza hilo hata nikiwa kazini, nikiwaogesha wazee wa watu. Lakini kila nikiigeuza, hasira inarudi pale pale. Walimfundisha mtu kutotikisika, akatii, wakamwadhibu kwa kutotikisika.

Baba alipata ulinzi kwenye ghala la pamba. Kila mwaka alikuwa akituma barua makao makuu. Hakuomba kazi. Hakuomba kota. Aliomba wafute neno moja, uzembe, waandike chochote kingine wanachotaka. Mwanzoni aliandika mwenyewe, macho yalipoharibika nikaandika mimi, kwa mwandiko huu huu mbovu. Hakujibiwa hata mara moja, hadi tulipomzika.

Mwaka huu kaka yangu kanitumia picha. Full suti zote zimeng'olewa, pamejengwa maghorofa ya askari, yana mabomba ndani, na nafurahi kwa ajili ya wake zao, nasema kweli. Mke wa koplo hayupo. Mkuu wa kituo naye alikufa, wakamzika kwa heshima zote. Nimetafuta kwenye picha mahali ambapo mlango wetu ulikuwa, sikupaona.

Ila mahali fulani, kwenye kabati la chuma la ofisi nisiyoijua, kuna faili la konstebo mmoja, na lile neno bado limo. Kila kitu cha kota ile waliweza kukibomoa.